Mama Hamira na Kondoo wa Zizi la Kushoto

Ukitaka kumuudhi Mama Hamira, mwambie kwamba kulisha mifugo ni kazi ya kumwaga tu. Atakutazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, kisha atakukabidhi koleo na kusema, "Haya, mwaga." Utamwaga, naye atasimama pembeni, mikono kiunoni, akikuhesabia makosa. Chumvi umeirundika mahali pamoja. Mashudu yana mabonge. Mahindi umeyasaga yamekuwa unga wa uji, na kondoo akila unga wa namna hiyo tumbo linamchachuka kabla ya jioni. Utatoka hapo umelowa jasho, umenyooka, na neno "kumwaga" hutalitamka tena mbele yake.

Jina la Hamira hakulipata kwa mifugo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mkandaji katika kiwanda cha mikate. Aliingia akiwa msichana wa kufagia unga sakafuni, akaishia kuwa yeye ndiye anayebonyeza donge kwa kidole na kusema bado au tayari, na mabwana wenye vyeti wanasubiri neno lake. Wenzake walidai kwamba hamira inamsikia. Yeye alisema hamira haina masikio, ina njaa tu: ilishe, ipe joto la kadiri, usiisumbue, nayo itakufanyia kazi wewe ukiwa umekaa. Kiwanda kilipofungwa, kwa sababu ambazo wenye kiwanda hawakuona haja ya kumweleza mkandaji, alikaa nyumbani miezi minne akioka kutwa nzima. Mumewe, fundi viatu asiye na haraka na lolote, alivumilia mpaka akashindwa. Akasema, "Mke wangu, ama utafute kazi, ama mimi nitafute majirani wapya. Hawa tulio nao wameshashiba."

Kazi akaipata shambani, kwenye ng'ombe wa maziwa arobaini na kondoo wapatao mia na ushee, ndani ya chumba cha kuchanganyia malisho. Hapa niseme kweli, maana wapo waliosema pembeni: meneja wa shamba lile ni mkwe wake, kamwoa binti yake mkubwa. Lakini aliyemwajiri si meneja. Alikuwa mwenye shamba mwenyewe, mjane mzito wa maneno ambaye kila mtu humwita Bibi Tajiri, na swali lake lilikuwa moja tu.

"Unajua kupima?"

"Kwa mizani au kwa mkono?" Mama Hamira akauliza.

Bibi Tajiri akamwambia aanze Jumatatu. Waliosema pembeni walisema, wakachoka.

Mkwe mtu alipata tabu zaidi. Ni kijana mwenye heshima zake, na kumkosoa mama mkwe mbele ya wafanyakazi kulimshinda kabisa. Mama Hamira akamwekea utaratibu siku ya kwanza. "Nyumbani wewe ni mwanangu. Hapa wewe ni Meneja, na mimi ni mtu wa koleo. Nikikosea, sema." Meneja akaitikia kwa kichwa, akaendelea kumwita Mama, na hakusema hata siku moja.

Chumba chenyewe hakikuwa na makuu. Sakafu ya saruji iliyong'aa kwa miaka ya kusuguliwa na koleo, magunia ya pumba na mashudu ukutani, mizani ya chuma, beseni kubwa tatu za bati, na kwenye kona, nje kidogo ya mlango, pipa la molasi juu ya mafiga ya matofali. Molasi ni ule uji mweusi mzito unaobaki miwa ikishatolewa sukari. Mifugo huupenda, nao hushikisha malisho yasipeperuke. Mtunza pipa alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Polepole. Hakuna aliyekumbuka kama jina hilo lilitokana na mwendo wake au na mwendo wa molasi, maana vyote viwili vilikuwa sawasawa.

Aliyemfungua Mama Hamira macho ni daktari wa mifugo, binti mwembamba mwenye mabuti makubwa kuliko miguu yake, ambaye alipita shambani kila Jumanne. Siku moja alimkuta akikoroga.

"Mama, hivi unadhani unamlisha ng'ombe?"

"Namlisha nani basi, wewe?"

"Unawalisha wapangaji wake. Tumbo la kwanza la ng'ombe ni kama pipa, limejaa vijidudu visivyohesabika. Hao ndio wanaozichachusha nyasi. Ng'ombe anaishi kwa kile wanachomtengenezea. Kondoo naye ni hivyohivyo, ila pipa lake ni dogo."

Mama Hamira aliweka koleo chini. "Wanazichachusha?"

"Wanazichachusha."

"Miaka yote hii," akasema, "na hakuna aliyeniambia kwamba ng'ombe ni donge la unga lenye miguu minne."

Tangu siku hiyo hakushikika. Alijifunza kubandika ngumi ubavuni mwa ng'ombe, upande wa kushoto nyuma ya mbavu, akasikiliza tumbo likijigeuza taratibu, kama mara tatu kwa dakika mbili. Alijifunza kusimama mbele ya kondoo aliyelala na kuhesabu anacheua mara ngapi kabla ya kumeza. Hamsini na kitu, mambo ni mazuri. Chini ya arobaini, uliza jana alikula nini. Kinyesi alikisoma kama watu wengine wanavyosoma gazeti, na alizungumzia habari zake kwa furaha hata wakati wa chakula, mpaka mumewe akahamishia sahani yake kwenye kibanda cha viatu.

Sasa, mwaka ule shamba lilipata msiba mdogo. Kondoo dume waliokuwa wakinenepeshwa kwa nafaka walichachuka matumbo, wawili wakafa. Ng'ombe wanane waliozaa karibuni wakagoma kula, maziwa yakashuka. Nafaka nyingi ikiingia ghafla, wapangaji wa kule tumboni hulewa, asidi hujaa, na mwenye nyumba ndiye anayeugua. Bibi Tajiri hakupiga kelele. Aliita watu ofisini, akaweka juu ya meza mfuko mdogo wa chakula cha vidonge kutoka kiwandani, kila kidonge sawa na mwenzake.

"Hiki hakihitaji mtu wa kukoroga," akasema. "Unafungua gunia, unalisha. Nieleze kwa nini nisikifunge kile chumba."

Meneja alitazama karatasi zake. Daktari akasafisha koo, akaeleza kwamba ipo hamira hai inayotengenezwa kwa ajili ya mifugo, ng'ombe na kondoo. Ikiingia tumboni hula ile hewa kidogo inayoingia pamoja na chakula, hewa ambayo wapangaji wale hawaitaki, nao wakitulia hula asidi badala ya kuiacha irundikane. Mnyama hula vizuri na huongezeka. "Si muujiza," akasema, "ila katika malisho ya nafaka inasaidia. Sharti iwe hai."

Mama Hamira alikuwa ameshasimama. "Bibi, hamira niachie mimi. Hilo ni jambo langu."

Wakakubaliana hivi. Kondoo dume vijana ishirini na wanne, uzito karibu sawa, wagawanywe mazizi mawili yanayotazamana. Malisho yawe yaleyale. Wa zizi la kushoto wapewe hamira, nusu kijiko cha chai kwa kila mmoja kwa siku; wa kulia wasipewe. Wapimwe kila Jumamosi, daktari akiwepo, kwa wiki sita. Zizi la kushoto likishinda, hamira ihamie kwa ng'ombe na chumba kibaki. Likishindwa, vije vidonge, chumba kifungwe, na Mama Hamira apelekwe kuosha madebe ya maziwa.

"Wiki sita za nini?" Mama Hamira akasema akitoka. "Mimi zinanitosha tatu. Tatu zilizobaki ni za ninyi kushangaa."

Daktari akacheka. Bibi Tajiri hakucheka, lakini alisikia.

Ulikuwa msimu wa baridi. Alfajiri koleo lilishika mikono kama barafu, na kondoo walitoa mvuke puani. Mama Hamira alichanganya kwa mtindo wake wa kiwandani. Hamira ni punje ndogo kama mchanga, na alijua ukiitupa tu ndani ya beseni kubwa, kondoo mmoja ataila yote na mwenzake atapata upepo. Kwa hiyo kwanza aliikoroga ndani ya bakuli moja la pumba, akaimwagia molasi ishike isipeperuke, ndipo akaitandaza kwenye malisho mengine, akigeuza kutoka chini kwenda juu, mara thelathini, bila kuruka hata moja. Wa zizi la kulia walipata bakuli lilelile na molasi ileile, bila hamira. Hakuna aliyeweza kumlaumu kwa upendeleo.

Jumamosi ya kwanza, mazizi yalikuwa sawa. "Mapema," akasema. Jumamosi ya pili, sawa. "Hamira inajizoesha," akasema, ingawa moyoni alijua hamira haijizoeshi, ama inafanya kazi ama haifanyi. Jumamosi ya tatu kondoo walipita mmoja mmoja kwenye mizani, Meneja akasoma namba, daktari akaandika, na ilipofika mwisho daktari alijumlisha mara mbili kabla ya kusema. Wa kushoto walikuwa wameongezeka kilo tatu na robo tatu kila mmoja, kwa wastani. Wa kulia walikuwa wameongezeka kilo tatu na robo tatu. Zaidi ya hayo, dume mmoja wa kushoto, yule mwenye sikio lililopasuka, alisimama pembeni kichwa chini, kinyesi chake uji mtupu, wala hakucheua.

"Labda hamira ni ya mikate tu, Mama," Meneja akasema taratibu. Alikuwa amejikaza wiki tatu ili asiseme hivyo.

Neno lile lilimkata maini. Alirudi chumbani, akafunga nusu ya chini ya mlango, akakaa juu ya gunia la pumba. Aliona aibu, na aliona hofu, na kama kuna kitu ambacho mwanamke yule hakuwa na mazoea nacho ni hofu. Aliyaona madebe ya maziwa yamejipanga yakimsubiri. Basi alikaa kama dakika tano. Kisha akajipiga paja, akainuka. Kama mkate haukuumuka, alijisemea, mtu halii. Mtu anarudi nyuma hatua moja moja mpaka akute mahali ulipokufa.

Alichukua glasi mbili, maji ya uvuguvugu na sukari. Katika ya kwanza alitia hamira kutoka kwenye mfuko ilimokuja. Katika ya pili alitia konzi ya malisho aliyoyatoa moja kwa moja kwenye hori la zizi la kushoto. Akakaa kuzitazama kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwanawe. Robo saa haikupita, glasi ya kwanza ilivaa kofia ya povu. Ya pili ilituama. Alingoja nusu saa, alingoja saa nzima, akaitikisa, akainusa. Maji machafu ya pumba, basi.

Kwa hiyo mfukoni ilikuwa hai. Horini ilikuwa maiti. Kati ya mfuko na hori palikuwa na hatua ishirini na mikono miwili, na mikono yote miwili ilikuwa yake.

Alifuata njia ya malisho. Bakuli, safi. Pumba, baridi. Akatoka nje kwenye pipa. Polepole alikuwa anachochea kuni chini yake, uso umetulia, na molasi ilikuwa inateremka kwenye bomba kwa kasi, nyembamba, inang'aa. Mama Hamira akaikinga kidole, na mara hiyohiyo akakitia kinywani akilia, "Mama yangu!" Ilikuwa inaunguza kama chai ya mgeni.

Hapo akakumbuka, na bora asingekumbuka. Siku mbili kabla ya kuanza jaribio, baridi ilipoifanya molasi igande, ni yeye aliyesimama pale na kumfokea mzee wa watu: "Wewe Polepole, chochea moto bwana, hiyo kitu ishuke! Kondoo watazeeka wakingojea." Polepole akachochea. Na kila asubuhi tangu siku hiyo yeye, mkandaji wa miaka ishirini na miwili, mtu aliyewahi kumfukuza mwanafunzi jikoni kwa kutia maji ya moto kwenye hamira, alikuwa akiimwagia hamira molasi inayochemka, tena kwa umakini, tena ndani ya bakuli lake maalumu ili isitoke hata punje moja iliyo salama.

Mlio wake uliwaleta Meneja na daktari. Daktari akaikinga molasi kwa kijiti, akaona mvuke, akatazama bakuli, na uso wake ukaelewa kabla mdomo haujasema. "Tumekuwa tukiwapa hamira iliyokufa," akasema. "Wiki zote tatu."

Meneja akamgeukia Polepole. Hasira aliyokuwa hawezi kuitoa kwa mama mkwe ilipata pa kutokea. "Mzee, nani amekwambia uchemshe molasi?"

Polepole alitazama viatu vyake. Alivitazama kwa muda wake wa kawaida, yaani mrefu. "Hakuna," akasema. "Niliona tu baridi, Meneja. Nimekosea mimi."

"Jaribio zima limeharibika! Unajua? Kuanzia leo pipa hulishiki."

Niwe mkweli juu ya Mama Hamira, maana nampenda lakini sitampamba. Alinyamaza. Kidole kilikuwa bado mdomoni, na kilikuwa kisingizio kizuri. Katika kunyamaza kule aliona jinsi mambo yatakavyokwenda kirahisi: kosa la mzee wa pipa, jaribio lianze upya, jina lake safi, chumba salama. Polepole mwenyewe kashakubali. Hakuna ambaye angejua isipokuwa wao wawili, na mmoja wao hata kusema ndiyo humchukua nusu saa. Alinyamaza kwa muda wa pumzi tatu, na zile pumzi tatu alizionea haya kuliko kosa lenyewe.

Akatoa kidole. "Mwache mzee, Meneja. Mimi ndiye niliyemwambia."

"Mama..."

"Nilimfokea. Nikamwambia achochee moto. Halafu kila siku nikachukua hamira hai nikaiua kwa mkono wangu mwenyewe. Yeye alitii tu. Polepole, kwa nini unasema uongo mchana kweupe?"

Polepole akainua macho. "Wewe una chumba cha kupoteza," akasema. "Mimi nina pipa tu."

Mama Hamira akamgeuzia mgongo, akajifanya anatafuta kitambaa, na kitambaa kilikuwa begani mwake.

Ofisini, mlango umefungwa, Meneja alikaa, akasimama, akakaa tena. "Mama, nisikilize. Ripoti naiandika mimi. Naweza kuandika kwamba molasi ilikuwa ya moto, basi. Si lazima niseme nani. Bibi Tajiri akijua ni wewe, atasema bora vidonge, kidonge hakisahau."

"Na tukishinda baadaye?"

"Tukishinda tumeshinda."

"Hapana. Tukishinda, watu watasema mkwe kambeba mama mkwe, na watakuwa wamesema kweli. Mficha maradhi kilio humuumbua, mwanangu. Andika jina langu. Andika na lile la nyumbani, asije akadhani ni Hamira mwingine." Akaona kijana anavyokunja uso, akalainisha sauti. "Nilikwambia siku ya kwanza: nikikosea, sema. Leo ndiyo leo. Sema."

Meneja akavuta pumzi ndefu. "Umekosea, Mama."

"Haijakuua," akasema Mama Hamira. "Wala hujaanguka kwenye kiti."

Akaandika. Kisha akampigia simu Bibi Tajiri, akamsomea yote, jina na yote, huku mama mkwe amekaa mbele yake mikono mapajani. Kisha sauti ile nzito ikasema, wazi kiasi cha wote wawili kuisikia, "Wiki tatu zimebaki. Sizidishi hata siku moja. Si alisema tatu zinamtosha?"

Mama Hamira akainamia simu. "Zinanitosha, Bibi."

Tangu hapo chumba kile kilikuwa na amri moja. Molasi kwanza, kwenye malisho yote, igeuzwe, iachwe. Hakuna hamira inayogusa beseni mpaka mkono uzame ndani ya malisho na ukae humo bila kusikia joto, na mkono uliopewa kazi hiyo ulikuwa wa Polepole. "Wewe huna haraka," Mama Hamira alimwambia, "na mimi ninayo, kama tulivyoona." Polepole alizamisha mkono hadi kiwiko, akafumba macho, akaupumzisha humo kama mtu aliyelala, na mpaka alipoitikia kwa kichwa kusema tayari, mwanamke yule aliyezoea kuamrisha watu alisimama na bakuli lake la hamira akingoja. Wafanyakazi wengine walikuja kutazama. Haikuwahi kutokea.

Na kila asubuhi, glasi. Konzi ya malisho kutoka horini, maji ya uvuguvugu, sukari. Povu likipanda, aliiweka dirishani watu waione. Lilipanda kila siku.

Siku ya nne yule dume wa sikio lililopasuka alianza kucheua. Mama Hamira alichuchumaa mbele yake, akahesabu kwa sauti. Arobaini na nne. Siku ya saba, hamsini na mbili. Alimwambia daktari kwa simu, daktari akamkumbusha kwamba kondoo mmoja si ushahidi. "Najua," akajibu, "lakini yeye hajui, muache afurahi." Wiki ya pili, kule zizi la kulia, madume wawili waligoma kula, tumbo limechachuka. Aliwatibu yeye na daktari, akawapunguzia nafaka, na hakusema neno la kutamba. Hilo nalo lilikuwa jipya.

Bibi Tajiri alikuja mwenyewe Jumamosi ya mwisho. Alisimama kando ya mizani na fimbo yake, koti limefungwa hadi shingoni, wala hakuomba kiti. Kondoo wakapita mmoja mmoja. Meneja akasoma namba. Daktari akaandika, akajumlisha, akajumlisha tena, akampa karatasi mwenye shamba badala ya kuisoma.

"Soma," Bibi Tajiri akasema. "Sina miwani."

"Kwa wiki hizi tatu, zizi la kulia kilo nne na robo kila mmoja, kwa wastani. Zizi la kushoto kilo tano na nusu. Waliougua kulia ni wawili. Kushoto hakuna." Daktari akasita, maana ni mtu mkweli. "Kondoo kumi na wawili ni wachache, Bibi. Siwezi kukuapia kwamba kila mara itakuwa hivi. Ila ningekuwa mimi, ningeendelea."

"Na vidonge?"

"Vingine hukandamizwa kwa mvuke wa moto. Ningeuliza kwanza kama hamira yake inapona humo."

Bibi Tajiri akaitikia kwa mguno. Akatembea mpaka mlangoni mwa chumba cha kuchanganyia, akachungulia beseni, bakuli, glasi iliyokuwa dirishani na povu lake. Watu wakamfuata. Akamgeukia Mama Hamira, na ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu afike.

"Huyu aliyeniulia hamira wiki tatu ndiye atakayewalisha ng'ombe wangu arobaini?"

"Ndiye."

"Utakosea tena?"

Hata Polepole, ambaye hakuwahi kuharakisha kitu, alivuta pumzi haraka.

"Nitakosea, Bibi," Mama Hamira akasema. "Si hilo, ila lingine nitakosea, maana nafanya kazi. Lakini kosa langu utalisikia kwangu, kabla ng'ombe hajakwambia."

Bibi Tajiri akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: alivua kofia yake ya sufu, akaikung'uta vumbi la pumba, akaivaa tena, kama mtu aliyemaliza shughuli.

"Basi anza na ng'ombe kesho," akasema.

"Kesho ya nini?" Mama Hamira alikuwa ameshashika koleo. "Ng'ombe wanakula leo saa kumi. Polepole, tia mkono."